Mwacheni Sufuria Amalize

Kijiwe chenyewe kiko Mtopanga, nyuma ya msikiti, mahali ambapo ubao wa lori bovu ulilazwa juu ya matofali ukageuka benchi, na tangu hapo ukaheshimiwa kuliko lori lenyewe lilivyowahi kuheshimiwa. Kila alasiri watu wakishatoka kuswali, Idarus huja na dele lake la kahawa na jiko la makaa, akalitua jiko mwisho wa benchi upande wa barabarani. Upepo wa saa hizo hutoka huko huko barabarani, kwa hivyo moshi wote humwendea anayekaa mwisho huo. Na anayekaa mwisho huo ni Mahfudh. Wenziwe humwita Sufuria, maana tangu ujana wake hadi ndevu zilipokuwa nyeupe yeye ndiye mpishi wa pilau za harusi, kwa kuni na masufuria ya kuingia mtu mzima, na nusu ya ndoa za Kisauni zilifungwa watu wakinusa pilau ya mkono wake. Pahali pake pale hapana jina lililoandikwa, lakini hebu kaa wewe uone utakavyotazamwa.

Kijiwe kina adabu moja ambayo mgeni huchelewa kuielewa. Mtu akikwama katikati ya maneno, wenziwe humpokea wakamalizia. Kumwacha mtu atafute neno peke yake mbele za watu huhesabiwa ni kumwaibisha, kama kumtazama mwenzio ananyanyua gunia na wewe mikono mfukoni. Bingwa wa kumalizia ni Junaid, aliyekuwa karani bandarini, anayeitwa Spika kwa sababu kikao hakianzi mpaka yeye afike na hakiishi mpaka yeye achoke. Mahfudh alimpenda Junaid kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake wa tumbo moja. Ila siku hizi maneno yake mengi yalikuwa yakimaliziwa vibaya.

Jumanne moja Mahfudh alikuwa na neno dogo tu. Alitaka kumwambia Idarus aliondoe lile jiko.

— Idarus, alisema. Hebu on...

— Ongeza kahawa, alisema Junaid. Mwongeze Sufuria. Waona mtu ana kiu hata hujishughulishi?

— Kikombe chake kimejaa, alisema Idarus. Lakini Spika akishasema, mimi ni nani.

Akamwaga kilichopoa, akamjazia kipya. Mahfudh alikitazama kikombe kile kwa huzuni. Hata cha kwanza hakukitaka.

— Si... si kahawa.

— Haswa, alisema Junaid. Si kahawa hii, ni dawa. Tangawizi yafungua kifua.

Kifua cha Mahfudh kilikuwa kibovu miaka mingi. Zahanati walikwisha kumwambia kwamba mapafu yake yamechakazwa na moshi wa kuni, na sigara alizokuwa akivuta akingojea mchele uive, kwamba maradhi hayo hayaponi ila hutulizwa, na wakampa pampu ya buluu ya kuvuta kwa mdomo. Siku za kawaida alikwenda polepole na akafika. Lakini tangu mwisho wa wiki iliyopita maradhi yalikuwa yamempanda. Kikohozi hakikatiki, makohozi yamegeuka kijani, na usiku alilala ameketi, mito imempandia mgongoni, akimwambia mkewe Fatma kwamba ni joto. Pampu alikuwa ameifunga kwenye leso, akiiwekea akiba Ijumaa.

Kila kitu kilikuwa ni Ijumaa. Ijumaa baada ya alasiri, katika msikiti huo huo, alikuwa anamuoza Nusaiba, kitinda mimba wake. Baba ndiye walii, na baba aweza kumpa mtu mwingine uwakili aseme kwa niaba yake, wengi hufanya hivyo. Lakini Nusaiba alimkalia kitako akamwambia, "Baba, sitaki wakili. Nataka nikae kule kwa wanawake nisikie sauti yako." Mahfudh mwenyewe hakuwahi kuisikia nikaha ikisomwa hadi mwisho. Mpishi wakati huo huwa jikoni anapigana na moto. Ya Nusaiba ndiyo aliyokuwa ameikusudia, aketi mbele, amevaa kanzu isiyonuka moshi, aisome yeye. Akienda zahanati, alijiambia, watamlaza, na Ijumaa itapita yuko kitandani na mpira wa hewa puani. Kwa hivyo alinyamaza, na wenziwe wakamsaidia kunyamaza bila ya kujua, kwa kuwa kila alipoishiwa na pumzi wao walikuwa na zao.

— Wazee, alisema Mutua, akiketi. Huyu leo anavuma kama lori imebeba kokoto inapanda Mazeras.

Mutua ni mtu wa Ukambani, fundi wa malori kule Miritini, na hapo kijiweni huitwa Injinia. Aliegemea mbele akasikiliza kifua cha Mahfudh jinsi anavyosikiliza gari la mteja.

— Hiyo si ugonjwa, buda. Hiyo ni filta ya hewa imejaa. Injini ikikosa hewa, hata uiwekee mafuta gani haivuti. Sisi tunatoa filta, tunaipuliza na kompresa, gari inatoka ikiimba.

— Wataka kumtoa mtu mapafu hapa barazani? aliuliza Idarus.

— Kutoa ni ya nini? Ana mdomo. Unaweka mpira wa kompresa kwa mdomo, unafungua kidogo kidogo. Uchafu wote unatokea nyuma.

— Watokea nyuma wapi? aliuliza Junaid. Kisha akainua mkono. Hapana, usijibu. Tuko karibu na msikiti.

Changawa alicheka kwa dharau. Yeye ni askari wa usiku katika duka la dawa pale njia panda, na kwa cheo hicho kijiwe kilimpa jina la Dakta. Dawa zote za mle alizijua kwa rangi za masanduku.

— Mutua, wewe wajua magari, nenda kayatibu magari. Kifua ni elimu nyingine. Hiki ni baridi iliyoingia ikafungiwa ndani. Chataka mafuta ya simsim na kitunguu thomu, asubuhi na jioni, na mtu asioge.

— Asioge mpaka lini?

— Mpaka apone.

— Na Ijumaa yuaozesha, alisema Junaid. Aingie msikitini yuanuka thomu, wakwe wamkimbie?

— Wakikimbia, hao hawakuwa wakwe.

Mahfudh alitaka kusema kwamba thomu amekwisha kuimenya kwa magunia maishani mwake, na kama ingekuwa inatibu kifua basi yeye angekuwa anaogelea mpaka Zanzibar na kurudi. Lilikuwa neno zuri. Alivuta pumzi alitoe.

— Thomu mimi... alisema.

— Thomu yeye aipenda, alisema Junaid. Kakubali. Changawa, mletee.

Neno zuri likaenda zake. Moshi wa jiko ukageuka ukamjia usoni, akakohoa kwa muda, ameshika ukingo wa ubao. Wote wakangoja kwa heshima, na Idarus akampigapiga mgongoni kwa mapenzi, akiwa amesimama baina yake na upepo safi.

— Mimi sikutaka kusema, alisema Idarus, akirudi kwenye dele lake. Lakini twatafuta mbali. Hii yote ni treni.

— Treni gani?

— Hiyo mpya. Kabla yake kuja, Mombasa ilikuwa na hewa ama haikuwa? Ilikuwa. Sasa piga hesabu. Yaondoka Miritini imefungwa madirisha yote, imejaa baridi ndani. Ile baridi ni hewa ya wapi? Ni yetu. Yachotwa huku, yaenda kumwagwa Nairobi. Kila siku. Watu wa bara sasa wapumua vizuri, sisi tumebakiwa na mabaki.

— Na ikirudi? aliuliza Mutua.

— Ikirudi yaja na vumbi.

Hapo Idarus akajiona ameshinda. Junaid akaona kikao kinamponyoka. Akavuta kanzu yake magotini.

— Nyote mwazunguka mbuyu, alisema. Hebu niulizeni mimi. Sufuria amepika arusi ngapi?

— Hazihesabiki.

— Na ngapi katika hizo zilivunjika?

Kila mtu alikuwa na moja anayoikumbuka, na Idarus alikuwa na yake.

— Basi. Moshi wa arusi iliyodumu watoka, wenda zake. Lakini mkivunja ndoa, moshi wake wenda wapi? Warudi kwa aliyeukoka moto. Wallahi kile kifua kimejaa talaka za watu. Dawa yake ni moja. Tuwakusanye wote walioachana, waje hapa mmoja mmoja, wamwombe radhi.

— Foleni itafika Bamburi, alisema Changawa.

— Ifike. Na wewe Idarus ndiwe wa kwanza.

— Mimi niliachwa, alisema Idarus. Sikuacha.

Mahfudh alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilichoanzia tumboni, lakini kilipofika kifuani kikakuta njia imezibwa, kikageuka kikohozi kibaya, cha mtu anayetafuta hewa mlango wa mbele na wa nyuma. Kilipokatika, midomo ilikuwa imekauka na mabega yanapanda na kushuka. Aliogopa. Aliwatazama wenziwe, watu aliowapenda, akaona nao wameogopa, na akajua kwamba kwa sababu wameogopa watazidi kusema.

— Hii Ijumaa, alisema Mutua kwa sauti ya chini. Ataweza kweli?

— Ataweza, alisema Junaid. Na asipoweza mimi nitakuwa wakili.

— Msichana amekataa wakili.

— Basi turekodi, alisema Mutua. Simu yangu inarekodi poa. Leo anasema neno moja, kesho moja, mimi naunganisha. Ijumaa tunaweka simu kwa maikrofoni.

— Na bwana arusi ashike mkono wa nani? Wa simu?

— Anaweza shika mzee, simu inaongea.

— Na simu ikipigwa katikati? aliuliza Changawa.

Wakawa wanalijadili hilo kwa dhati, kama ndoa iliyofungwa kwa simu, kisha mteja wa Mutua akapiga katikati, ni halali au ni batili, wakati alipofika mwanamke kijana mwenye mkoba begani na koti jeupe amelikunja mkononi. Alikuwa Nafula, tabibu mpya wa zahanati ya serikali iliyo hapo juu ya barabara, aliyetoka bara si siku nyingi. Wenzake kazini walikuwa wamemwambia kahawa bora yapatikana nyuma ya msikiti.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, alisema Junaid kwa niaba ya wote. Karibu, mwanangu. Idarus, mpe mgeni kahawa.

Alipokea kikombe akanywa amesimama, akiwasikiliza. Mahfudh aliona hapo pana upenyo. Mbele ya mgeni watu huwa na staha kidogo. Akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, akaielekeza kwa Idarus.

— Hilo... ji...

— Jioni hii atakunywa na kashata, alisema Junaid. Mpe kashata.

Idarus akampa kashata.

Nafula alikishusha kikombe chake.

— Samahani, mzee, alimwambia Junaid. Umejuaje kwamba hayo ndiyo aliyotaka kusema?

Junaid alifungua mdomo. Ulikaa wazi hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu ubao ule ulazwe juu ya matofali, hapakutoka kitu. Akamtazama Changawa. Changawa akamtazama Mutua. Mutua akaanza kukagua kucha zake.

— Twamjua, alisema Junaid mwishowe. Huyu ni ndugu yetu.

— Naona. Ni lini mlimsikia akimaliza maneno yake yeye mwenyewe?

— Jana, alisema Idarus. Jana alisema anakwenda zake kulala.

— Alisema "nakwenda", alisema Changawa polepole. "Zangu kulala" nilisema mimi.

— Juzi basi, alisema Junaid, aliponisimulia habari ya wale wakwe.

— Juzi ulisimulia wewe, Spika. Yeye alikuwa anatikisa kichwa.

Wakaendelea kurudi nyuma siku baada ya siku, kila mmoja akitafuta neno moja la Mahfudh lililofika mwisho kwa miguu yake, na wasilione. Junaid alivua kofia, akaishika mapajani. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta si kwake.

Nafula alichutama mbele ya Mahfudh.

— Mzee, sema unachotaka. Hakuna atakayekukata.

Sasa alikuwa na nafasi, na alijua ana pumzi ya kutosha jambo moja tu. Jiko lilikuwa pale linafuka. Kikombe kilikuwa mkononi, na kashata asiyoitaka. Mahfudh aliyaacha yote hayo.

— Ijumaa, alisema. Akavuta pumzi. Namuoza... Akavuta nyingine, na mabega yakapanda. Binti yangu.

Junaid alikuwa ameziba mdomo wake kwa kofia.

Nafula alimtazama Mahfudh shingo, namna mishipa inavyokaza kila pumzi, akamtazama midomo na kucha kuona kama zimegeuka rangi. Akamuuliza habari ya usingizi na makohozi. Junaid alianza kusema ni meupe tu, Mahfudh akakataa kwa kichwa.

— Kijani, alisema.

— Twende zahanati sasa hivi.

— Mta... Akasita. Hakuna aliyemsaidia. Mtanilaza?

— Bado sijui, alisema Nafula. Tukienda sasa, pengine dawa itakutuliza hapa hapa na ulale kwako. Ukingoja mpaka Ijumaa, utalazwa, na si hapa. Utapelekwa hospitali kuu.

Mutua alikuwa na tuktuk ya mteja aliyokuwa anaijaribu. Wakajipakia wote, na Idarus na dele lake mkononi. Nafula akawateremsha, akambakisha Mutua wa kuendesha, na Junaid kwa sharti la kutosema kitu. Wengine walifuata kwa miguu wakiendelea na mjadala, lakini chini chini.

Zahanati Nafula alimbana Mahfudh kidole kwa kifaa kidogo cha kupima hewa iliyomo damuni, akasoma, akamwekea hewa kidogo kwa mpira wa puani, akamweleza kwamba kwa mapafu ya namna yake hewa nyingi mno nayo hudhuru. Kisha akaomba pampu. Mahfudh aliifungua leso.

— Mbona imejaa?

— Akiba, alisema Mahfudh. Ya Ijumaa.

— Mzee, dawa hii ukiiweka akiba, akiba inakumaliza wewe.

Akachukua chupa ya plastiki ya soda, akaitoboa tundu sehemu ya chini, akaipachika pampu pale. Akamwonyesha avutie kwenye mdomo wa chupa, polepole, dawa ifike chini mapafuni isiishie kinywani. Mahfudh akavuta. Wakangoja. Akavuta tena. Junaid alikaa kitini kando amefumba midomo mpaka ndevu zake zimesimama. Baada ya muda Mahfudh akahisi kifua kinalegea, kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya karamu. Machozi yakamtoka. Hakuyaficha, maana siku zote hizo alikuwa na hofu, na alikuwa ameibeba peke yake usiku, huku amekaa juu ya mito akimsikiliza Fatma anavyolala.

Nafula alimpima kidole tena, akaridhika. Alimpa vidonge vya siku tano vya kutuliza uvimbe wa ndani, na vingine kwa ajili ya yale makohozi ya kijani. Kesho arudi, na keshokutwa. Kuni basi.

— Amestaafu kuanzia sasa, alisema Junaid, kisha akakumbuka sharti lake akaziba mdomo.

— Wewe sasa nakupa ruhusa useme, alisema Nafula. Na nakupa kazi. Maradhi haya yatampanda tena. Yakipanda yakajulikana mapema, nayatuliza hapa. Nyinyi mko naye kila siku. Msimmalizie maneno. Akianza jambo, ngojeni. Akishindwa kulifikisha, mleteni hapo hapo. Mkiona midomo imegeuka buluu au anasinzia ovyo, msije kwangu, nendeni hospitali kuu moja kwa moja.

— Nimngoje tu?

— Umngoje tu.

— Mwanangu, alisema Junaid, ungenipa sindano ingekuwa rahisi.

Ijumaa msikiti ulijaa. Mahfudh alikuwa dhaifu bado, lakini makohozi yalikuwa yameanza kuwa meupe na usiku uliopita alilala akalala. Alivaa kanzu iliyofukizwa udi. Nje, vijana aliowafundisha walikuwa wanapika, na alipopita alinusa akajua wametia hiliki kabla ya wakati, akasamehe. Bwana harusi, Twaha, kijana wa Shanzu anayefanya kazi hotelini, aliketi mbele yake, mikono imemlowa jasho. Kijiwe kizima kilijipanga safu ya pili, na Mutua, ambaye ni Mkristo, alikuwa amepewa nafasi karibu na mlango ili asikie vizuri.

Sheikh Ishaka alizungumza maneno machache ya nasaha, kisha akawatazama watu.

— Baina ya neno la walii na neno la bwana harusi, asiingie mtu na lake. Likiingia, itatubidi tuanze upya.

Junaid alitikisa kichwa kukubali kuliko mtu yeyote mle ndani.

Mahfudh alimshika Twaha mkono. Alikaza midomo akatoa pumzi polepole, kama mtu anayepuliza chai, jinsi Nafula alivyomfundisha, kisha akaivuta nyingine.

— Twaha, alisema. Nimekuoza.

Akapumua. Msikiti mzima ukamsubiri.

— Binti yangu Nusaiba. Kwa mahari... mliyoafikiana.

Neno lake lilikuwa limefika mwisho. Twaha alimtazama mkwewe, akaitazama mikono yao, akakwama. Kijana wa watu aliyekuwa akiyakariri maneno yake tangu alfajiri hakuwa na hata moja. Midomo ilicheza, sauti haikuja. Hapo ndipo tabia ya miaka yote ya kijiweni, iliyofungiwa tangu Jumanne, ilipovunja mlango. Mtu alikuwa amekwama mbele za watu.

— Nimekubali, alisema Junaid.

Sheikh Ishaka aligeuka polepole.

— Umekubali nini wewe, Junaid, na mkeo yuko nyuma ya pazia anakusikia?

Kicheko kilianzia upande wa wanawake kikavuka, wakacheka hata wazee wa safu ya mbele. Junaid alijificha nyuma ya mgongo wa Changawa. Mahfudh naye alicheka, na kicheko kikamtumia pumzi yote, akainama akakohoa. Watu wakaacha kucheka mara moja.

— Ni lazima turudie, alisema sheikh kwa upole. Mzee, ukitaka, nipe uwakili mimi. Si aibu.

Mahfudh alikataa kwa kichwa. Alitoa pampu mfukoni na ile chupa ya soda, mbele ya wakwe na mashekhe, akavuta, akangoja, akavuta. Hakuona haya. Junaid alikuwa amekishika kidole cha Idarus na kukibana, na Idarus alivumilia. Muda ulikwenda, na hao watu wote walikuwa wanamngoja yeye, wala hawakuwa na haraka. Mahfudh alikuwa hajangojwa hivyo maisha yake yote.

— Twaha, alisema. Nimekuoza binti yangu Nusaiba.

Akapumua.

— Kwa mahari mliyoafikiana.

— Nimekubali kumuoa, alisema Twaha, kwa sauti ya kukaribia kulia.

Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia. Miaka yote hiyo Mahfudh alikuwa akivisikia kwa mbali, na kwake vilikuwa ishara ya kufunua masufuria. Mkono wake ukainuka wenyewe kutafuta kifuniko. Kisha akakumbuka yuko wapi, akaushusha, akamkumbatia mkwewe.

Baada ya halua walitoka nje kwenye benchi lao. Idarus akatua jiko lake pale pale mwisho wa ubao, upande wa barabarani, akapepea makaa. Mahfudh aliketi mahali pake na kanzu yake ya udi, moshi ukamjia usoni.

— Idarus, alisema.

Junaid alifungua mdomo. Akaufumba. Changawa akaweka kikombe chini, na Mutua akaacha kutafuna. Idarus alisimama na upepeo mkononi.

— Hilo jiko lako, alisema Mahfudh, akapumua. Moshi wake wote wanijia mimi. Akapumua tena, bila ya haraka, maana hapakuwa na haja. Nataka uliondoe. Nimeanza kukwambia tangu Jumanne. Na kahawa... siitaki. Nipe maji.

Hakuna aliyejongea. Idarus alilitazama jiko, akamtazama Mahfudh, akalitazama jiko tena. Wote walibaki hivyo, wakingoja, hata alipokuwa amenyamaza kitambo.

— Nimemaliza, alisema Mahfudh.